Mzigo wa Mwenzio: Siku Moja Katika Njia ya Kiso

Mwishoni mwa mwaka 1861, binti wa miaka 15 aliondolewa Kyoto, mji wa wafalme wa Japani, akapelekwa Edo kuolewa na mtu asiyewahi kumtia machoni. Aliitwa Kazunomiya, na Mfalme Komei alikuwa kaka yake kwa baba. Aliyemngoja Edo ni Tokugawa Iemochi, shogun, mwenye jeshi na hazina, kwani zama hizo mfalme alibakiwa na heshima tu na amri zilitoka kwa shogun. Lakini kiti cha shogun kilikuwa kikiyumba. Mwaka 1853 meli za kivita za Marekani zilitia nanga karibu na Edo zikitaka milango ya nchi ifunguliwe, na tangu hapo wapinzani walimsakama shogun kwa jina la mfalme. Washauri wake wakaona dawa ni kuchanganya damu. Kazunomiya alikuwa ameshaposwa na mwanamfalme Arisugawa Taruhito. Posa ile ikavunjwa, safari ikaandaliwa.

Edo, ambayo leo ni Tokyo, ilifikiwa kutoka Kyoto kwa njia kuu mbili. Tokaido ilifuata pwani, na mito mingi mikubwa iliyoikata haikuwa na madaraja. Nakasendo ilipanda ndani, milimani, kilomita zipatazo 530, vituo 69. Msafara wa harusi ulishika njia ya milimani. Ulikuwa na maelfu ya watu, ukachukua takribani siku 25, na bibi harusi hakutembea. Alibebwa.

Vitabu vya historia vinamtaja yeye, kaka yake, mumewe na washauri wao. Mimi nimekuja kutafuta habari za mabega. Naifuata Nakasendo kwa miguu, peke yangu, kutoka Kyoto kuelekea Tokyo, na siku ninayoisimulia hapa ni ile inayoanzia Nakatsugawa na kuishia Midono, kilomita zipatazo 22. Nimeichagua kwa sababu Kazunomiya naye alilala Nakatsugawa, na usiku uliofuata akalala Midono. Ndiyo siku aliyoingia katika bonde la Kiso, kipande cha Nakasendo chenye vituo 11, na ndicho kipande ambamo njia ya zamani imesalia vizuri kuliko pengine.

Watu 25, farasi 25

Nakatsugawa, mwezi Novemba, kunapambazuka kwa baridi ya kuuma masikio. Upande wa kusini Mlima Ena, mita 2,191, umesimama juu ya mapaa kama mzee wa baraza. Wanafunzi wanaokwenda shule wananisalimia mmoja mmoja, kila mmoja akiinamisha kichwa, nami naitikia kila salamu, maana hata ugenini salamu haiachwi ikaanguka.

Mji huu umezoea kupitwa na njia mpya. Reli ilifika mwaka 1902. Sasa inajengwa nyingine, ya treni ziendazo kwa nguvu ya sumaku, itakayopita chini kwa chini ndani ya milima hii kati ya Tokyo na Nagoya, na kituo chake cha mkoa wa Gifu kinajengwa hapahapa. Njia ninayoitafuta mimi inapita nyuma ya nyumba za watu, kati ya bustani za mboga na makaburi ya ukoo, upana wake ukitosha machela moja na farasi mmoja kupishana.

Baada ya mwendo wa saa moja hivi nafika Ochiai, kituo cha kwanza cha siku. Pana nyumba kubwa iliyokuwa ya ukoo wa Inoue. Nyumba za aina hii ziliitwa honjin, nazo zilikuwa malazi ya mabwana wa majimbo. Kila kituo kilikuwa na yake, na mfanyabiashara, hata awe na fedha kiasi gani, hakulala humo. Lango la nyumba hii husemekana lilitolewa zawadi na ukoo wa Maeda, mabwana wa jimbo la Kaga, baada ya moto wa mwaka 1815 kuteketeza mji.

Mabwana hao hawakusafiri kwa kupenda. Mwaka 1635 utawala wa Tokugawa uliweka sheria kwamba kila bwana wa jimbo akae Edo kwa zamu, kwa kawaida mwaka mmoja Edo na mwaka mmoja kwao. Alipokuwa kwao, mkewe na watoto walibaki Edo, mateka wa heshima. Kwa zaidi ya miaka 200 barabara za Japani zilijaa misafara ya mabwana wakienda na kurudi, kila mmoja akishindana na mwenzake kwa wingi wa mikuki, masanduku na wafuasi. Wengi walipita Tokaido. Takribani 30 walipita Nakasendo. Gharama za safari ziliwamaliza fedha, na aliyeishiwa fedha hafanyi uasi.

Basi ni nani aliyebeba masanduku hayo? Sheria ilijibu. Kila kituo cha Tokaido kilipaswa kuwa na watu 100 na farasi 100 tayari wakati wote. Vya Nakasendo vilipangiwa watu 50 na farasi 50. Vituo vya Kiso, kwa umaskini wa bonde lenyewe, vilipunguziwa hadi watu 25 na farasi 25. Uzito nao uliandikwa: farasi kan 40, karibu kilo 150, mtu kan tano, karibu kilo 19. Mzigo ulibebwa hadi kituo kinachofuata, ukashushwa, ukapokelewa na wabebaji wa hapo, na wale wa kwanza wakarudi kwao. Nyaraka za shogun zilisafiri bure. Mabwana walilipa bei iliyopangwa na serikali, ambayo ilikuwa chini ya bei ya soko, na hasara ilibaki kwa kituo.

Hesabu ya watu 25 iliwezekana siku za kawaida. Msafara mkubwa ulipokuja, kituo kiliita vijiji vya jirani kuleta watu na farasi wa ziada, na vijiji havikuwa na hiari. Sisi wa Afrika Mashariki tunalo neno letu kwa kazi ya namna hiyo: shokoa. Kwa vituo vya kusini mwa Kiso, shokoa iliviangukia vijiji vya bonde la Ina, upande wa pili wa safu ya milima. Mkulima wa Ina aliacha shamba lake, akapanda kipito cha mlima hadi Kiso ili apewe mzigo, akaubeba kituo kimoja, kisha akarudi alikotoka kwa njia ileile. Siku za kwenda na kurudi zilizidi siku ya kazi yenyewe. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa waliokaa Edo wakiandika hesabu za watu na farasi, milima ya Ina ilikuwa myepesi kama usufi.

Msafara wa Kazunomiya ulipokaribia, Kiso nzima haikutosha. Amri zilitangulia miezi kabla: barabara zisawazishwe, nyumba mbovu zifichwe, vyombo, magodoro, taa na mchele vikusanywe, watu waletwe kwa maelfu. Yalikuwa majira kama haya ninayotembea mimi, mavuno yamekwisha, baridi inaingia, na usiku mlimani maji yanaanza kuganda.

Mawe ya Ochiai

Baada ya Ochiai njia inazama msituni na kuanza kupanda. Hapa wazee walitandika mawe ili mvua isiigeuze njia kuwa mto wa matope. Sakafu hiyo imekarabatiwa kwa urefu wa mita 840 hivi. Ndani yake, katika sehemu tatu ambazo jumla yake ni mita 70 tu na ushei, mawe ni yaleyale ya zamani, hayajaguswa.

Nilipofika kwenye sehemu hizo niliinama. Jiwe la zamani halifanani na la kupandikizwa. Jipya lina makali pembeni na uso wake unakwaruza kiganja. La zamani ni laini, limebonyea katikati, na unyevu wa ukungu umelifanya ling'ae. Kilicholilainisha hakikuwa chuma. Wabebaji wa Japani walivaa kandambili za kusuka kwa majani ya mpunga, farasi nao wakavishwa viatu vya majani hayohayo, na kwa safari ndefu jozi moja haikutosha. Majani makavu, yakikanyaga jiwe kwa vizazi kadhaa, yamefanya kazi ya patasi.

Juu ya mwinuko, mahali paitwapo Shinchaya, pamesimama jiwe refu lenye maandishi ya mkono wa mwandishi Shimazaki Toson, yakimjulisha msafiri kwamba kuanzia hapo kwenda kaskazini ni njia ya Kiso. Kwa miaka mingi hapo ndipo ulipokuwa pia mpaka kati ya mkoa wa Gifu na mkoa wa Nagano. Mwaka 2005 kijiji kilichoimiliki Magome, kituo kinachofuata, kiliunganishwa na Nakatsugawa, kikahama mkoa. Bonde la Kiso likakatwa kituo chake cha mwisho wa kusini kwa kalamu. Jiwe halikuhama.

Msimamizi wa mizigo na mwanawe

Magome imeng'ang'ania mgongo wa mlima. Mtaa wake mmoja unapanda moja kwa moja, umetandikwa mawe, na pembeni maji yanateremka kwenye mfereji yakizungusha magurudumu ya mbao. Sensa ya njia ya mwaka 1843 ilihesabu hapa nyumba 69 na watu 717. Nyumba za leo si zile: moto uliipitia Magome mwaka 1895, na tena mwaka 1915. Nyumba za mbao zilizobanana juu ya mlima wenye upepo hazina utetezi mbele ya moto.

Toson alizaliwa hapa mwaka 1872, katika honjin ya Magome. Baba yake, Shimazaki Masaki, alirithi kazi tatu kwa pamoja: mwenye nyumba ya kulala mabwana, msimamizi wa wabebaji na farasi, na mkuu wa kijiji. Ndiye aliyepokea amri kutoka juu na ndiye aliyewatazama machoni watu walioletwa kubeba. Kati ya mwaka 1929 na 1935 Toson alichapisha riwaya kubwa juu ya maisha ya baba huyo, akaiita Yoake Mae, yaani Kabla ya Mapambazuko. Hakutegemea kumbukumbu za utotoni tu. Alipata pia shajara ya jirani, mpika pombe ya mchele wa Magome, aliyeandika mambo ya kituo kwa zaidi ya miaka 40: bei, mvua, moto, misafara, magomvi.

Katika magomvi hayo limo moja ambalo lingestahili sanamu. Mwaka 1856 wachunga maksai wa Magome, waliokuwa wakisafirisha bidhaa kwa ng'ombe juu ya njia hizi nyembamba, waligoma. Mfanyabiashara mmoja mkubwa wa Nakatsugawa alikuwa akiwagawia mizigo na malipo kwa upendeleo, nao wakakataa kumbebea. Mizigo ikalala. Watu wasio na silaha, katika nchi ambayo mwenye panga mbili kiunoni ndiye aliyekuwa na sauti, waligundua kwamba njia nzima inasimama pale mbebaji anapokunja mikono.

Mwaka 1868 utawala wa shogun uliangushwa. Jeshi la mfalme lilikuja Edo kwa njia kadhaa, tawi mojawapo likapita hapa Kiso, na kamanda mkuu wa jeshi lote alikuwa Arisugawa Taruhito, yule mchumba aliyenyang'anywa Kazunomiya. Iemochi alikuwa ameshafariki mwaka 1866, akiwa na miaka 20. Kazunomiya, mjane, aliandika barua kuuombea ukoo wa mumewe usifutwe, na haukufutwa. Naye akafariki mwaka 1877.

Masaki aliyapokea mabadiliko kama mtu aliyekesha akingoja mapambazuko. Aliamini kurudi kwa mfalme kungewapunguzia watu wa milimani mizigo. Shokoa ya barabara kweli ilifutwa, lakini pamoja nayo kikafutwa kituo chenyewe na mapato yake. Halafu serikali mpya ikaitangaza misitu ya Kiso kuwa mali ya dola, hata sehemu ambazo wanakijiji walizoea kuokota kuni na kukata miti ya kawaida. Masaki alipigania haki hiyo, akavuliwa wadhifa. Mwaka 1874, huko Tokyo, alirusha upepeo wenye shairi lake kuelekea msafara wa mfalme, akakamatwa. Mwisho wake ulikuwa mbaya: akili zilimruka, familia ikamfungia chumbani, akafia humo mwaka 1886.

Mwaka 1947 wanakijiji wa Magome walijenga kwa mikono yao jumba la kumbukumbu ya Toson kwenye kiwanja cha honjin iliyoungua. Nyumba nyingine hawakuirudisha. Palipokuwa na vyumba vya mabwana wameacha uwanja mtupu na mawe ya msingi.

Mti mmoja, kichwa kimoja

Kutoka Magome njia inapanda hadi kipito cha mlima, karibu mita 800 juu ya bahari, kisha inateremka kuelekea Tsumago. Mwendo wote ni kama kilomita nane. Ofisi za wageni za vituo hivi viwili hupokea mabegi na kuyapeleka kwa gari, ili mtembezi aende mikono mitupu. Langu sikulitoa. Kila baada ya mwendo kidogo pana kengele imetundikwa kwenye nguzo, na kibao kinachomwomba mpita njia aivute kwa nguvu ili dubu asikie na kujiondokea. Unapotembea peke yako unaivuta kila ukiiona, tena zaidi ya mara moja.

Msitu hapa ni wa hinoki, mti wa jamii ya mberoshi, umenyooka kama mlingoti na una harufu kali ya limau. Mbao zake haziozi upesi, na hekalu kuu la Ise, ambalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, huchukua mbao za milima ya Kiso. Ukoo wa Owari wa Nagoya, uliomiliki bonde hili zama za shogun, ulijua thamani hiyo. Ulipiga marufuku kukata hinoki na aina nyingine nne: sawara, nezuko, asunaro na koyamaki. Adhabu waliyoiimba watu ilikuwa fupi: mti mmoja, kichwa kimoja. Mahali paitwapo Ichikokutochi nimesimama penye kiwanja cha kituo cha ukaguzi kilichowekwa mwaka 1749 na kufanya kazi hadi 1869. Kila kipande cha mbao kilichopita kilikaguliwa kama kina alama ya moto ya ruhusa. Mtu wa Kiso alizaliwa chini ya mti, akafa chini ya mti, na hakuruhusiwa kuezekea mti huo nyumba yake.

Hatua chache kutoka hapo pana nyumba ya zamani ya kupumzikia wasafiri. Ndani ni giza. Katikati ya sakafu pana meko ya kuni, na juu yake birika la chuma linaning'inia kwa mnyororo kutoka darini. Boriti zimekuwa nyeusi kwa moshi, na moshi huo ndio unaozilinda na wadudu. Wazee wa eneo hili hukaa hapa kwa zamu, wakiwapa wapita njia chai bila malipo. Mzee wa zamu alinikaribisha kwenye benchi, akanimiminia kikombe, akauliza nimetoka wapi. Kijapani changu ni cha kuombea maji na kuulizia njia, lakini kwa hilo kilitosha.

"Tanzania, mzee."

Akarudia jina hilo polepole. Kisha akalitazama begi langu.

"Hukulituma kwa gari?"

"Nimelibeba mwenyewe."

Akainuka, akashika kamba zake kwa mikono miwili, akalinyanyua kidogo na kulishusha, jinsi mchuuzi anavyopima gunia kabla ya kutaja bei.

"Kan tano hazifiki," akasema, akacheka.

Hazikufika kweli. Mabega yangu yalikuwa yanauma, na bado nilikuwa chini ya kiwango cha sheria ya miaka 300 iliyopita. Nikamshukuru kwa kuinama, naye akanisindikiza hadi mlangoni.

Mji uliokataa kuuzwa

Tsumago ilikuwa na nyumba 83 na watu 418 katika sensa ile ya 1843. Ukiingia leo unadhani wahesabuji hawajaondoka. Nyumba ni za mbao zilizokolea rangi, zimebebana bega kwa bega, madirisha yake ni ya fito nyembamba. Hakuna nyaya za umeme juu ya mtaa, zimepitishwa nyuma ya nyumba. Mchana magari hayaruhusiwi. Njia inakunja ghafla kulia na kushoto, hila ya zamani ya kumchelewesha adui anayekimbia na farasi. Kando ya njia pamesimama ubao wa amri za serikali, wa aina ileile iliyowakataza Wajapani kuwa Wakristo hadi mwaka 1873.

Wageni wengi hudhani mji huu umepona kwa bahati. Ukweli ni kwamba kwanza ulikufa. Mwaka 1892 barabara mpya ilichongwa bondeni kando ya Mto Kiso, ikaiacha njia ya mlimani. Mwaka 1909 reli ikafika Midono, ikiipita Tsumago kwa mbali, na mwaka 1911 reli yote ya bonde ikakamilika. Msafiri hakuwa na sababu tena ya kulala hapa. Vijana walihama, mapaa yakabonyea. Umaskini uliwanyima watu fedha za kubomoa nyumba za zamani na kujenga za kisasa, na hapo ndipo penye bahati, kama bahati ndilo jina lake.

Yaliyofuata yalikuwa uamuzi. Mwaka 1968, Nagano ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 tangu enzi mpya ya Mfalme Meiji ianze, kazi ya kukarabati nyumba za Tsumago ilianza, na wanakijiji wakaunda chama chao ambacho kila kaya ni mwanachama. Mwaka 1971 wakaandika mkataba wenye kanuni tatu: hatuuzi, hatupangishi, hatubomoi. Hiyo ina maana mjane mwenye nyumba mtaa mkuu, akijiwa na tajiri wa Tokyo mwenye fedha mkononi, anamkaribisha chai na kumkatalia. Mwaka 1976 serikali iliiingiza Tsumago katika kundi la kwanza la miji inayolindwa kitaifa, miaka minane baada ya wenyewe kuanza.

Katika nyumba ya ukoo wa Hayashi, iliyokuwa msaidizi wa honjin, nilionyeshwa ukumbi uliojengwa mwaka 1877 kwa hinoki tupu. Ujenzi huo ulifanyika baada ya marufuku ya miti kuondoka pamoja na shogun. Familia iliyopakana na msitu huo kwa vizazi ikajijengea, kwa mara ya kwanza, kwa mti uliokuwa ukikata vichwa. Mwaka 1880 Mfalme Meiji alipita njia hii na kupumzika humo. Ukigusa nguzo, unaelewa kwa nini wenye nyumba waliharakisha.

Midono, na kwetu

Baada ya Tsumago njia inateremka hadi Mto Kiso. Jua huzama mapema bondeni, na nilipoingia Midono taa za stesheni zilikuwa zimeshawaka. Hapa ndipo Kazunomiya alipolala usiku wa pili. Hakuna cha kuona: moto wa mwaka 1881 uliteketeza karibu kituo chote. Kinachotazamwa ni daraja la kamba za chuma na mbao la mwaka 1922, urefu wa mita 247, lililojengwa na mfanyabiashara Fukuzawa Momosuke ili kuvusha vifaa vya kituo chake cha umeme wa maji. Hata daraja zuri kuliko yote bondeni lilijengwa kwa ajili ya mizigo.

Binti aliyebebwa anajulikana kwa jina, kwa umri, hata kwa vituo alivyolala. Waliombeba wamebaki kuwa hesabu: watu wangapi, farasi wangapi, kan ngapi. Lakini hata hesabu hiyo ipo kwa sababu wakuu wa vituo waliiandika, mpika pombe wa Magome aliandika yake, na wanakijiji wa Tsumago hawakuziuza kuta zilizoishuhudia.

Sisi tunayo njia inayostahili kazi hiyo. Inaanzia Bagamoyo, inapita Mpwapwa na Tabora, inaishia Ujiji, kilomita zipatazo 1,200, na karne ya 19 ilipitiwa na wapagazi wengi kuliko ilivyopitiwa na wafalme. Wanyamwezi waliibeba sehemu kubwa ya biashara ya pembe za ndovu kwa mabega, frasila mbili kwa mtu, zaidi ya kilo 30, mzigo ambao sheria ya Kiso isingeuruhusu. Wakati mwingine nao walibwaga mizigo na kukataa kwenda. Wengine hawakuwa na ruhusa ya kubwaga, kwa kuwa walipita wamefungwa minyororo. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Orodha haitunzi njia. Wanaoitunza ni watu wanaoishi kando yake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama kijiji chenu kimo katika njia hiyo, msingoje barua kutoka juu. Waulizeni wazee kambi zilikuwa wapi, visima vilikuwa wapi, nani katika ukoo aliwahi kwenda na misafara, na mwandike majina. Miembe ya zamani inayoonyesha zilipopita safari isikatwe kwa ajili ya mkaa. Shule iwapeleke watoto kutembea hata kilomita tano za njia ya kijiji chao, mabegi mgongoni. Tsumago ilianza ikiwa na nyumba zinazovuja na chama cha wanakijiji. Sisi hatujapungukiwa na kimojawapo.